Eldoret: Majengo ya kale na makavazi katika jiji changa la Kenya

MNAMO Agosti 15, 2024, Rais William Ruto alikabidhi mji wa Eldoret hati ya kuupandisha hadhi kuwa jiji. Eldoret likawa jiji la tano nchini Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Kati ya majiji hayo matano, Eldoret ndilo lenye umri mdogo zaidi. Mombasa ni bandari iliyojulikana kwa mabaharia karne nyingi kabla ya ukoloni. Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka wa 1899, na reli hiyo ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Eldoret halikuwa na hata ofisi ya posta hadi mwaka wa 1910.

Hadhi ya jiji huleta neema na huleta hatari. Bei ya ardhi hupanda, na mwenye nyumba kuukuu ya mawe na mabati katikati ya mji hujikuta amekalia kiwanja chenye thamani kuliko nyumba yenyewe. Hapo ndipo tingatinga huitwa. Ghorofa linaloinuka mahali pake huwa na manufaa yake, lakini kilichobomolewa hakirudi.

Ndiyo sababu ni vyema wakazi wa jiji hili, na hasa wanafunzi, wafahamu ni urithi upi wa majengo ulio katika eneo lao, makavazi yaliyo karibu nao yalianzaje, na sheria inasema nini kuhusu uhifadhi.

CHIMBUKO LA 'SISIBO'

Jiji la Eldoret limejengwa kando ya Mto Sosiani, katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jina lenyewe hutajwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, kwa kuwa Sosiani hupita juu ya miamba. Jina la kaunti pia ni la Kimaasai: ni la Wailuasin-Kishu, ukoo mkubwa wa wafugaji waliolisha ng'ombe wao uwandani humo kabla ya kutawanywa na vita vya karne ya 19. Baada yao, malisho hayo yalitumiwa na Wanandi.

Mwaka wa 1903, serikali ya Uingereza ilijitolea kuwapa Wayahudi sehemu ya uwanda huu iwe makao yao. Pendekezo hilo liliitwa Mpango wa Uganda, kwa sababu hadi mwaka wa 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ujumbe ulitumwa kulikagua, na mwaka wa 1905 kongamano la Wazayuni likalikataa.

Mwaka wa 1908, msafara mkubwa wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, uliwasili Mombasa kwa meli. Watu hao walipanda gari moshi hadi Nakuru, kisha wakaukwea uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai. Waligawiwa mashamba yaliyopewa nambari, bila ya wenyeji waliolisha mifugo humo kuulizwa lolote.

Ofisi ya posta ilipofunguliwa mwaka wa 1910, iliwekwa katika shamba nambari 64. Wapo wanaosimulia kwamba nambari hiyo ni ya maili kutoka reli, lakini simulizi zote mbili huishia pale pale: mahali hapo pakaitwa 64, na ndimi za wenyeji zikaigeuza nambari hiyo ya Kiingereza kuwa 'Sisibo'. Mwaka wa 1912, serikali ya kikoloni ilipoamua kuweka makao ya utawala hapo, jina rasmi likawa Eldoret.

MASHIMO YA WASIRIKWA

Itakuwa makosa kudhani kwamba ujenzi katika uwanda huu ulianza na magari ya Makaburu. Majengo ya kale zaidi yanayojulikana hapa ni yale yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa.

Haya ni mabonde ya mviringo yaliyochimbwa kwenye miteremko ya vilima, mengi yakiwa na upana wa mita kadhaa, na mlango ukielekea upande wa chini wa mteremko. Katika sehemu nyingi za Uasin Gishu kuta zake zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa bila saruji. Hupatikana kwa mamia katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya.

Kwa muda mrefu walowezi na hata baadhi ya wataalamu walidhani kuwa mashimo hayo yalikuwa nyumba za chini ya ardhi. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyefanya utafiti katika nyanda hizo miaka ya 1960, alionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Watu waliishi katika nyumba ndogo zilizoshikana na zizi, na mifugo ikalala ndani ya shimo, salama dhidi ya baridi na wezi. Samadi na matope yaliyotolewa zizini yalirundikwa nje ya mlango, na rundo hilo likawa kinga ya ziada.

Mazizi hayo yalitumika kwa karne kadhaa, hadi takriban karne ya 18. Wakulima wa leo huyakuta mashambani mwao, na mengi yamefukiwa na plau. Ukuta wa mawe usio na saruji husambaratika siku moja tu trekta likipita juu yake.

BENKI, RELI NA MAKANISA

Miaka ya kwanza ya Eldoret ilikuwa ya udongo, mbao na mabati. Simulizi inayojulikana zaidi ni ya benki. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1912, Standard Bank ya Afrika Kusini ilipotaka kufungua tawi, sefu yake, yaani kasha zito la chuma la kuwekea fedha, ilianguka kutoka kwenye gari la maksai. Kwa kuwa hakukuwa na nguvu za kuiinua tena, benki ikajengwa kuizunguka pale pale ilipoangukia. Benki hiyo ni mmoja wa wazazi wa Standard Chartered ya leo.

Wafanyabiashara Wahindi walifuata. Katika miji mingi ya bara nchini Kenya, Eldoret ikiwemo, wao ndio waliojenga maduka ya safu moja, yenye baraza mbele ya kumkinga mteja na mvua, ghala nyuma, na makao ya familia juu au uani. Maduka ya aina hiyo ni ushahidi wa namna biashara ilivyofanywa na familia zilivyoishi kabla ya umri wa maduka makubwa.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na reli. Njia mpya kutoka Nakuru ilipita Timboroa, ambapo hufikia zaidi ya mita 2,780 juu ya usawa wa bahari, na ikafika Eldoret mwaka wa 1924. Mwaka wa 1931 njia hiyo ikafika Kampala. Mahindi na ngano zilizokuwa zikibebwa kwa maksai kwenye matope sasa zikapata soko Mombasa na ng'ambo. Mji ulipata maji ya mifereji mwaka wa 1928 na umeme mwaka wa 1933.

Mji huo ulijengwa kwa ubaguzi. Waafrika hawakuruhusiwa kumiliki ardhi katika nyanda hizo zilizotengewa Wazungu. Hata Wazungu wenyewe walitengana: kufikia miaka ya 1950, Makaburu walikaa upande wa kaskazini wa barabara kuu, ambayo leo ni Uganda Road, na Waingereza upande wa kusini. Anayetembea mjini kwa makini anaweza kuisoma historia hiyo katika upana wa viwanja na ukubwa wa nyumba.

Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, ambayo leo huhudumia magharibi yote ya Kenya, ilianza mwaka wa 1917 kama hospitali ndogo ya Waafrika. Shule ya Upili ya Wasichana ya Moi ilianza kama shule ya binti za walowezi, ikiitwa Highlands. Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, lenye makao yake makuu Eldoret, ni mmea uliochipuka kutokana na kanisa la Makaburu, ingawa Makaburu wengi waliondoka Kenya ilipokaribia uhuru wa 1963. Dayosisi ya Kikatoliki ya Eldoret iliundwa mwaka wa 1959, na Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu ni miongoni mwa alama za jiji.

Kuna pia jengo ambalo halipo tena. Mnamo Januari 1, 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, kanisa la kijiji cha Kiambaa, viungani mwa Eldoret, liliteketezwa kwa moto watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Wengi wa waliofariki walikuwa wanawake na watoto, na baadhi yao walizikwa papo hapo. Historia ya mji haiwezi kuhifadhi yale mazuri pekee.

FUNZO KUTOKA FIRENZE

Watu wanapotaja miji ya makavazi, mfano unaotolewa mara nyingi ni Firenze, nchini Italia. Kitovu cha jiji hilo kiliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1982. Kuba la kanisa lake kuu, lililosanifiwa na Filippo Brunelleschi na kujengwa kuanzia 1420 hadi 1436, hadi leo ndilo kuba kubwa zaidi la matofali duniani.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba makavazi mashuhuri ya Firenze hayakujengwa yawe makavazi. Uffizi, yenye michoro ya Botticelli, Leonardo na Michelangelo, lilianza kujengwa mwaka wa 1560 na msanifu Giorgio Vasari liwe jengo la maofisa wa serikali. Neno hilo 'uffizi' lenyewe lina maana ya ofisi. Bargello, yenye sanamu za Donatello, ilianza kujengwa mwaka wa 1255, ikawa gereza, na watu wakanyongewa humo. Iligeuzwa makavazi ya taifa mwaka wa 1865.

Kilichoiokoa Firenze zaidi ya ustadi wa mafundi wake ni karatasi moja. Ukoo wa Medici uliotawala jiji hilo ulipokaribia kwisha, mrithi wake wa mwisho, Bi Anna Maria Luisa de' Medici, alitia saini mkataba mwaka wa 1737. Aliwaachia watawala wapya michoro, sanamu, vito na vitabu vyote vya ukoo wake kwa sharti kwamba hakuna kitakachoondolewa Firenze. Mwaka wa 1769, milango ya Uffizi ilifunguliwa kwa umma.

Alama ya mikono ya Waitaliano ipo pia kwenye barabara ya Bonde la Ufa. Msafiri anayetoka Eldoret kwenda Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu hupita karibu na kanisa dogo lililojengwa mwaka wa 1942 na mateka wa kivita kutoka Italia, waliokuwa wakifanyishwa kazi ya kutengeneza barabara hiyo. Kanisa hilo ni dogo mno, lakini magari yanayosimama hapo ni mengi.

MAKAVAZI YALIYO KARIBU NA ELDORET

Makavazi ya Bonde la Ufa Kaskazini yalianza kwa namna ile ile ya Firenze: nyumba iliyojengwa kwa kazi nyingine ilipewa kazi mpya, au mtu mmoja aliacha mali yake kwa umma.

Makavazi ya Kitale, takriban kilomita 70 kutoka Eldoret, ni mfano wa njia hiyo ya pili. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa elimu ya viumbe, alikusanya wadudu, ndege, wanyama, vitabu na vifaa vya jadi kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka wa 1926 alianzisha makavazi yake mwenyewe. Alipofariki mwaka wa 1966, wosia wake uliliachia taifa mkusanyiko huo pamoja na fedha za kujenga jengo jipya, ambalo lilifunguliwa Desemba 1974. Leo mgeni hukuta humo vifaa vya jamii za magharibi mwa Kenya, nyumba za jadi, na njia ya kutembea katika msitu wa asili.

Makavazi ya Kapenguria, kaskazini mwa Kitale, ndiyo Bargello ya Kenya. Hapa ndipo Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walipozuiliwa na kushtakiwa baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952. Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba mnamo Aprili 8, 1953. Seli zao zimehifadhiwa, na makavazi yalifunguliwa mwaka wa 1993. Mwanafunzi anayesimama ndani ya seli hizo huelewa kwa dakika moja jambo ambalo kitabu hulieleza kwa kurasa kumi.

Makavazi ya Kabarnet, katika Kaunti ya Baringo, yamo katika nyumba iliyokuwa makazi ya mkuu wa wilaya wa kikoloni. Yalifunguliwa mwaka wa 1996 na huonyesha maisha ya jamii za Bonde la Ufa. Safari ya kwenda huko kutoka Eldoret hupitia Iten na kuteremka Bonde la Kerio. Katika upande wa kaskazini wa bonde hilo, Wamarakwet wangali wanatumia mifereji ya umwagiliaji iliyochimbwa na mababu zao karne kadhaa zilizopita, mingine ikining'inia kwenye majabali.

Nandi Hills, kusini mwa Eldoret, pana makavazi ya kumbukumbu ya Koitalel Samoei, Orkoiyot aliyeongoza upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza na reli yao. Aliuawa Oktoba 19, 1905 na Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa kisingizio cha kutafuta amani. Meinertzhagen alichukua fimbo tatu za uongozi wa Koitalel akaenda nazo Uingereza. Zilirejeshwa Kenya mwaka wa 2006, zaidi ya miaka 100 baadaye. Hakuna mfano ulio wazi zaidi wa sababu ya jamii kuhitaji makavazi yake: kilichorudishwa lazima kipate pa kuwekwa.

Mbali zaidi, karibu na jiji la Nakuru, ni Makavazi ya Hyrax Hill, yaliyofunguliwa mwaka wa 1965 katika nyumba ya shambani ya familia ya walowezi. Mary Leakey alichimba hapo mwaka wa 1937 na 1938. Anayetaka kuyaona mashimo ya Wasirikwa yaliyochunguzwa na kuelezwa ipasavyo ataanzia hapo.

MWANA WA RAVINE ALIYEKUSANYA SANAA

Habari za sanaa katika eneo hili haziwezi kukamilika bila kumtaja Joseph Murumbi. Alizaliwa Eldama Ravine mwaka wa 1911, baba akiwa Mgoa na mama Mmaasai. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya mwaka wa 1966, kabla ya kujiuzulu mwaka huo huo.

Murumbi aliitumia fedha na nafasi yake kununua kazi za sanaa za Kiafrika, vitambaa, vito, stempu, na vitabu vilivyozidi 50,000. Mwaka wa 1972 alishiriki na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha African Heritage jijini Nairobi. Wanunuzi kutoka ng'ambo walimwendea na fedha nyingi, lakini aliamua kuiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake na nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini kuwa nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya masomo ya Kiafrika.

Matokeo yake ni mafunzo mawili. Mkusanyiko umenusurika: sehemu yake imo katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lililojengwa mwaka wa 1906 likiwa Bank of India, na sehemu nyingine imo katika Nairobi Gallery, iliyojengwa mwaka wa 1913 ikiwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Nyumba ya Muthaiga nayo iliachwa ikaharibika, na mwishowe ikabomolewa. Murumbi alifariki mwaka wa 1990 bila ya taasisi aliyoitamani kuanza.

Bi Anna Maria Luisa alipata sharti lililoheshimiwa. Murumbi alipata ahadi tu.

SHERIA INASEMA NINI

Nchini Kenya, ulinzi wa majengo ya kihistoria huongozwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka wa 2006. Sheria hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au eneo kuwa turathi ya taifa kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Likishatangazwa, ni kosa kulibomoa au kulibadilisha bila idhini.

Katiba ya 2010 iligawa majukumu. Jedwali la Nne linaiachia Serikali ya Kitaifa maeneo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa, na linazipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, makavazi na maktaba zikiwemo. Kwa hivyo, Kaunti ya Uasin Gishu haihitaji kuisubiri Nairobi ili kuihifadhi nyumba ya zamani ya Eldoret. Tena ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi jijini, na kwa kawaida jengo la kale huanza kuondoka pale kibali kinapotiwa saini.

Mwenye nyumba pia ana haki zake, na gharama ya kutunza paa la mabati ya mwaka wa 1930 si ndogo. Mtu hawezi kutakiwa kuitunza historia ya umma kwa mfuko wake peke yake. Miji iliyofaulu katika jambo hili ilimpa mwenye nyumba sababu ya kuibakisha: kodi nafuu, mpangaji wa kudumu, au mnunuzi ambaye ni serikali yenyewe.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Ni orodha: nyumba ipi ilijengwa lini, na nani, kwa kazi gani, na iko katika hali gani. Wazee waliolijua jina la Sisibo kabla halijawa hadithi wanapungua kila mwaka, na picha za kale zimo katika masanduku ya familia. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.